Mkono wa Seline

Joram Ogola akisema mashua zisitoke, hazitoki. Akisema samaki hawauzwi mpaka madalali wa Kisumu waongeze bei, madalali watazunguka, watatukana, watatema mate mchangani, halafu wataongeza. Ndiyo maana watu wa ufuo wa Koguna walimpa uenyekiti angali na ndevu nyeusi, wakawaruka wazee waliokuwa wakiusubiri. Na ndiyo maana, samaki wao wa kila siku, ngege, walipoanza kutoka majini wakiwa na madoa mekundu, watu hawakwenda kwa mchungaji wala kwa mganga. Walimwuliza Joram.

"Ni matope," Joram akasema.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tisa, na masika yalikuwa yamepiga kana kwamba yana kisasi. Mto Nyando ulifurika kule Ahero, ukabeba mpunga, vyoo, mbolea na mizoga ya ng'ombe, ukaja kuvitapika vyote katika ghuba. Maji yakawa rangi ya chai. Kwa hiyo jibu la mwenyekiti lilikuwa na maana, na watu wakalichukua wakaenda nalo nyumbani.

Lakini matope hayatoboi samaki. Baada ya siku chache ngege walikuja wakiwa wamebanduka magamba ubavuni, mapezi yamelika kama nguo iliyotafunwa na panya, na palipokuwa na magamba pana vidonda vya duara, vyekundu katikati, vyeupe ukingoni. Wengine macho yaliwatoka. Wengine waliogelea juujuu karibu na mafunjo, wakizunguka mahali pamoja kama mlevi aliyesahau mlango wake, na mtu aliweza kuwaokota kwa mkono. Wanawake, ambao ndio waliowafungua, waliona zaidi: tumbo lililojaa maji ya damu, ini lenye madoadoa, na harufu ambayo si ya samaki aliyeoza bali ya kitu kingine wasichokuwa na jina lake. Walikata penye kidonda wakatupa, wakaendelea na kazi, kama mtu anavyokata upande wa kiazi ulioingia wadudu.

Katika ufuo ule kazi ilikuwa imegawanywa tangu enzi za mababu. Mwanamume huvua. Samaki akishagusa mchanga, ni wa mwanamke: ndiye atakayempara magamba, ampasue, amtoe matumbo, amkaange au amkaushe kwa moshi. Mwanamume aliyeonekana ameshika samaki mkono huu na kisu mkono ule angetungiwa wimbo kabla jua halijatua, na wimbo huo ungemsindikiza hadi kaburini. Joram mwenyewe, aliyevua tangu akiwa mtoto, aliyejua kila jiwe na kila mkondo wa ghuba ile, hakuwahi hata siku moja kufungua tumbo la samaki.

Afisa wa uvuvi alikuja Jumanne kwa pikipiki ya serikali. Jina lake lilikuwa Nakhungu, msichana wa Kibukusu kutoka Webuye, amevaa buti za mpira zilizomzidi miguu. Juma lililotangulia alikuwa amechukua ngege kadhaa katika sanduku la barafu. Sasa alisimama mbele ya banda la kupimia samaki, watu wakamzunguka, wanaume mbele, wanawake nyuma pamoja na makarai yao.

"Wazee, akina mama," alianza, "wale samaki wamepimwa. Si matope. Ni ugonjwa. Kuna vijidudu, vinaitwa bakteria, vinakaa majini siku zote. Samaki akiwa na nguvu zake havimfanyi kitu. Lakini mafuriko yameleta uchafu, hewa imepungua humo majini, samaki wamedhoofika. Vijidudu vimepata mlango."

Zadock, mwenye mashua ya buluu na mdomo usiojua kufungwa, akapaza sauti. "Madam! Huko kwenu Webuye samaki wanashikwa na malaria pia?"

Watu wakacheka.

"Kwetu Webuye tuna kuku, Mzee," Nakhungu akamjibu. "Na kuku akiugua, hatubishani naye."

Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii kilikuwa chake yeye. Hata Joram aliona midomo yake ikitaka kufunguka. Hilo likamuudhi kuliko maneno yote.

"Sisemi msile," msichana akaendelea. "Samaki akipikwa akaiva, vijidudu vinakufa. Ninachosema ni mikono. Mwenye kidonda, hata mkwaruzo tu, asimpasue samaki mgonjwa. Vikiingia kwenye damu vinakimbia, wazee. Vinakimbia sana. Mimi nimemwomba mkubwa wangu ufuo ufungwe kidogo, mpaka maji yatulie."

Ufungwe. Hilo ndilo neno watu walilosikia. Maneno mengine yote, ya mikono na mikwaruzo, yalianguka mchangani, yakakanyagwa. Makelele yakapanda. Wafungiwe ziwa? Watoto wale nini, barua ya serikali? Joram alisubiri makelele yaive, kama mpishi anavyosubiri mafuta, kisha akainua mkono. Kukawa kimya.

"Msichana," akasema, wala hakupaza sauti. "Babu yangu amelala ndani ya maji haya. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Tumezikwa na ziwa hili, tumelishwa na ziwa hili. Leo wewe umekuja na buti za serikali kutuambia ziwa letu lina ugonjwa. Sawa. Nimekubali. Niletee huyo mgonjwa wako."

"Mwenyekiti, mimi sikusema..."

"Niletee! Mchague wewe mwenyewe, yule mbaya kuliko wote. Nitamla hapa, mbele yako, na mifupa nitainyonya."

Ufuo ukalipuka kwa vifijo. Alikuwa mtu mwerevu, Joram. Kati ya mambo mawili aliyoambiwa, alilichagua lile ambalo angeweza kulishinda, akalifanya ndilo pekee. Sijui kama alijua kuwa anafanya hivyo. Mtu mwenye kiburi huijua njia ya ushindi kama punda anavyoijua njia ya nyumbani, hata akiwa amefumba macho.

"Seline!" akaita.

Mkewe alitoka nyuma ya wanawake. Alikuwa mama mrefu, mpole wa maneno lakini mwenye mikono ya haraka. Wenzake walisema Seline akipasua samaki, samaki hajui. Jumapili mwiba wa pezi la ngege ulikuwa umemchoma katikati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Kidonda kilikuwa kidogo tu, nusu kimefunga. Alimsogelea mumewe mpaka akamfikia sikio.

"Baba Dorca," akanong'ona, "nina kidonda."

Joram hakumjibu. Alimwangalia tu. Wake wa wanaume wenye vyeo wanayajua macho hayo: yana watu wote ndani yake, yana jina la boma, yana kesho. Seline akachuchumaa, akavuta karai.

Joram ndiye aliyemchagua ngege, kwa kuwa Nakhungu alikataa. Alikuwa samaki mkubwa, tumbo limemjaa, ubavu mmoja umeliwa hadi nyama. Seline alimpara magamba, akamwingiza kisu chini ya shavu, akamfungua. Maji ya damu yakamtoka yule samaki, yakamtiririkia Seline mikononi hadi kwenye viwiko. Alichota matumbo kwa vidole, akayatupa kando. Mbwa akayanusa, akaenda zake. Moto ukawashwa. Mafuta yakalia. Ngege akakaangwa mpaka akawa kahawia, akaja mbele ya mwenyekiti na bonge la ugali.

Joram alikula taratibu, mbele ya wote. Alikula nyama, alikula kichwa, alinyonya macho, alivunja mfupa wa shingo akaufyonza.

"Mgonjwa ana ladha gani, Mwenyekiti?" Zadock akauliza.

"Mgonjwa amepona," Joram akasema, na watu wakaangua kicheko cha kuwatoa machozi.

Nakhungu hakucheka, wala hakumwangalia mlaji. Alikuwa akimwangalia Seline. "Mama," akamwambia, "osha mkono kwa sabuni, sasa hivi. Ukivimba usingoje hata kidogo. Njoo Kisumu."

"Anayekaa na huyo mama ni mimi, madam," Joram akasema, akajipangusa midomo.

Pikipiki ikawaka, ikaenda zake. Siku hiyo na kesho yake mwenyekiti alisalimiwa kwa mikono miwili. Hakuharisha. Hakutapika. Habari zilivuka ghuba zikafika hadi sokoni Kisumu: Ogola wa Koguna amemla mgonjwa wa serikali, na tumbo lake limenyamaza.

Lakini Jumatano asubuhi Seline hakuamka kuwasha moto.

Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, ngozi imenyooka, inang'aa kama bandama. Alikuwa ameuweka juu ya mto, mbali na mwili wake, kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amlee. Jasho lilimtoka, na hapo hapo alikuwa akitetemeka.

"Ni kama mtu ananichuna kwa ndani," akasema.

Joram alisimama mlangoni. Lori la kununua samaki lingekuja Alhamisi. Wakati wote wa uvumi wa samaki wagonjwa, lori lilikuwa limekwepa Koguna. Sasa lilikuwa linarudi kwa sababu ya kinywa chake na tumbo lake. Akifika ufuoni amemshika mkono mwanamke aliyevimba hivi, nani atamkumbuka ngege aliyeliwa?

"Kaa ndani," akasema. "Usitoke. Mtu akikuuliza, sema ni mvuke wa sufuria."

"Baba Dorca, ulimsikia yule msichana alivyosema."

"Alisema nitakufa. Niko hai."

"Hakusema utakufa. Alisema mikono."

Joram alijua. Hapo ndipo ubaya wa jambo lenyewe ulipo: alijua tangu asubuhi ile, akiwa mlangoni, jua likimpiga kisogoni. Mtu asiyejua anaweza kusamehewa. "Lori likishaondoka tu," akasema, "tunakwenda Kisumu. Kesho. Ni kesho tu, Seline."

Seline akageuza uso ukutani. Hakuwa amezoea kumkatalia.

Jioni alikuja Milka, mdogo wake Seline, ambaye ndiye mke wa Zadock. Alikuja na majani ya kusaga, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za mvuke. Alipofunua kanga na kuuona mkono, majani yakamtoka. Malengelenge ya zambarau yalikuwa yamepanda kuelekea kiwiko.

"Shemeji," akasema, "mvuke huunguza pale ulipogusa ukakoma. Huu unapanda."

"Milka, nenda kwa mume wako."

"Nitakwenda. Lakini nusa hapa. Inama unuse!"

Joram akainama. Palikuwa na harufu, tamu na nzito, asiyoijua.

"Hujui ni nini, sivyo?" Milka akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira. "Utajuaje? Hiyo ni harufu ya matumbo ya wale ngege wenu. Sisi tunaijua. Ninyi mnawavua, mnakwenda kucheza bao."

"Kesho," Joram akasema.

"Kesho ni ya nani?" Milka akauliza. Akatoka.

Alhamisi lori lilichelewa. Joram alisimama bandani tangu asubuhi, akacheka kuliko siku zote, akasimulia tena na tena jinsi alivyomnyonya mgonjwa macho. Waliaula, dereva wa lori, mtu mnene aliyependa hadithi, alimfanya arudie hata mara ya tatu. Samaki walipimwa, wakapakiwa, barafu ikamwagwa juu. Kila mara mwenyekiti aliponyamaza kidogo, sikio lake lilikwenda lenyewe upande wa nyumbani. Jua lilipoanza kulala ndipo lori lilipogeuka, na Joram, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia.

Kiganja kizima kilikuwa cheusi.

Yeye na Milka walimlaza Seline ndani ya mashua yenye injini, juu ya nyavu, wakavuka. Kufika hospitali kubwa ya Kisumu Seline alikuwa akizungumza na mama yake, na mama yake alikuwa amekufa zamani. Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Aliubonyeza mkono, akasikiliza, akaubonyeza tena. Milka alikuwa amezuiwa nje pamoja na mizigo.

"Ulianzaje huu, Mzee?"

Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, samaki, na dunia isingeanguka. Lakini palikuwa na watu wa ghuba katika wodi ile, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amemtambua, alikuwa amekwisha kumwambia, Habari, Mwenyekiti. Na Joram akasikia mdomo wake ukisema, "Mvuke. Sufuria ya ugali."

"Mvuke haufanyi hivi."

"Ni mvuke, Daktari."

Daktari akamtazama kwa muda. "Mzee, nisikilize. Vitu vingi huozesha mkono, na kila kimoja kina dawa yake. Nitampa dawa sasa, lakini nampiga mshale gizani. Ukikumbuka kitu kingine, chochote, niite. Usione haya."

Joram akakaa kwenye benchi. Aliiona sindano ikiingia, aliiona chupa ya maji ikining'inizwa. Alijiambia dawa ni dawa. Alijiambia daktari msomi atajua mwenyewe. Ule weusi haukumsikiliza. Ulikuwa na safari yake. Asubuhi Seline alipofunuliwa shuka ulikuwa umepita kiwiko, umetia mguu katika mkono wa juu, na mbele yake ulituma mistari myekundu kuelekea begani, kama askari wa kupeleleza njia.

Ndipo Joram alipomfuata daktari kwenye korido, akamshika koti kwa nyuma kama mtoto.

"Samaki," akasema.

Daktari akageuka. "Samaki gani?"

"Ngege. Mwenye vidonda. Alimpasua. Alikuwa amechomwa na mwiba."

"Lini?"

"Jumanne."

Daktari hakumtukana. Joram alikuwa amejiandaa kutukanwa, na labda angepata nafuu. Daktari alifumba macho kidogo tu, kama mtu aliyeumwa jino, kisha akaanza kutembea haraka akiwaita wauguzi. Aliagiza dawa nyingine. Aliagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe. Akiwa anatembea alimwambia Joram, bila kugeuka, kwamba jana usiku pengine angekata kwenye kiganja, au chini ya kiwiko. Leo atakata begani, na amwombe Mungu begani patoshe.

Pakatosha. Seline hakufa.

Siku ya Jumapili homa ilishuka, akafumbua macho, akaiona dari, akamwona mumewe. Akajaribu kujipangusa uso kwa mkono wa kulia. Joram aliliona bega likiinuka ndani ya bandeji, likitafuta; aliliona likisita, likishuka polepole. Hakuna ngumi aliyowahi kupigwa iliyofika pale lilipofika lile bega.

"Umekwenda wote?" Seline akauliza.

"Wote."

"Uko wapi?"

"Wamesema wataucho..." Hakumaliza. "Huwa wanavichoma."

Seline akavuta pumzi fupi fupi. Kisha akasema, "Usiwaache. Upeleke nyumbani. Mimi nitalala pale siku moja, na mkono wangu ulale pale. Sitaki nizikwe nusu."

"Nitaupeleka."

"Na watu wakiuliza umebeba nini, waambie."

Joram akainamisha kichwa.

"Nitazame, Baba Dorca. Tangu unioe sijakukatalia neno mbele ya watu. Hata moja. Leo na wewe usinikatalie. Waambie ni nini, na waambie umetoka wapi."

Milka alikuwa amerudi Koguna Jumamosi kuwaangalia watoto, akijua tu kwamba dada yake yu hai. Wauguzi hawakumwambia zaidi, kwa kuwa Joram alikuwa amewaomba wasimwambie. Kwa hiyo Jumatatu alivuka peke yake na mwendesha injini. Waliutia mkono ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, umefungwa kwa shuka la hospitali, na katoni ikakazwa kwa kamba ya katani. Aliupakata njia nzima. Haukuwa mzito. Alikuwa amedhani utakuwa mzito. Njiani aliyapanga maneno: atasema ni ajali, atasema daktari hakuelewa, atasema kwanza azungumze na wazee faraghani. Kila alipolipanga moja, lilimwozea mdomoni.

Mashua iligusa mchanga wakati kazi imepamba moto. Uvuaji ulikuwa mzuri. Makarai yalijaa ngege, wengi wao wana madoa mekundu, na wanawake walikuwa wamechuchumaa katika duara lao, visu vikienda, magamba yakiruka. Lori lilikuwa linangojwa.

"Mwenyekiti amerudi!" Zadock akapiga kelele. "Tena na katoni! Jamani, mwenyekiti ametuletea nyama ya mjini!"

Watu wakacheka. Wengine wakapangusa mikono, wakasogea kumpokea mzigo. Joram alisimama, maji yakimfika vifundoni, na katoni kifuani. Mvuvi mmoja alinyoosha mkono kuishika, Joram akarudi nyuma.

"Msiguse."

"Kuna nini ndani, Baba Dorca?" Milka akauliza. Alikuwa amesimama, kisu mkononi.

Pale pale, mbele ya uso wa Milka, ule uongo wa zamani ulikuja tena umevaa nguo zake safi, ukasimama kwenye ncha ya ulimi, tayari. Sufuria. Mvuke. Aliuona. Akautema.

"Mkono wa Seline," akasema. "Wameukata begani. Ni yule samaki. Yule niliyemla mimi, yeye alimpasua. Yule msichana alisema mikono, na sisi wote tulisikia, mimi nikafanya kana kwamba amesema tumbo. Hapakuwa na mvuke. Hospitali niliwadanganya usiku mzima, na usiku huo ndio uliotoka kwenye kiganja ukafika begani."

Waliosogea kuupokea mzigo wakashusha mikono. Hata Zadock. Mawimbi madogo yalikuja, yakarudi.

"Alikuambia ana kidonda?" Milka akauliza.

"Aliniambia."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilimwangalia."

Milka akakiacha kisu kianguke. Akaviinua viganja vyake, akavitazama mbele na nyuma. Vilikuwa na michoro ya miiba, mipya na ya zamani, na ufa mmoja mbichi kwenye kidole cha kati. Mama aliyekuwa kando yake akafanya hivyo hivyo. Kisha mwingine. Duara zima la wanawake likawa linasoma viganja, na pale ufuoni hapakuwa na mkono wa mwanamke hata mmoja uliokuwa mzima. Haikuwezekana uwepo. Waliishi kwa miiba.

Milka akaingia majini, akaichukua katoni kutoka kifuani mwa Joram. Hakumnyang'anya, aliichukua tu, kama mtu anayepokea mtoto kwa mtu asiyejua kubeba. Akaiweka begani, akaanza kupanda njia ya kwenda bomani. Mama wa pili akanyanyuka akamfuata. Wakanyanyuka wote, mikono yenye damu ya samaki wameiinua mbali na nguo zao, wakapanda kwa msururu, na hakuna aliyeanzisha kilio. Ingekuwa afadhali wangelia.

Joram akapiga hatua kuwafuata. Milka akasikia mchanga, akageuka.

"Sisi tutachimba," akasema. "Baki na samaki wako."

Akabaki.

Lori lilifika. Waliaula akapiga honi, akapiga tena, akashuka akijipepea kwa kofia. "Vipi, wazee? Akina mama wako wapi? Mbona hawa hawajapasuliwa?"

Wanaume walikuwa wamesimama kuzunguka makarai. Visu vilikuwa mchangani pale vilipoachwa. Mmoja alivitazama, akawatazama wenzake kama wanamwona akivitazama, akaangalia ziwani. Jua lilipanda. Matumbo ya ngege yakaanza kuvimba, macho yao yakageuka maziwa, na ile harufu tamu na nzito ikainuka mpaka kila mwanamume wa Koguna akaijua. Waliaula akarudi ndani ya lori, akapandisha kioo.

Zadock alilisukuma karai moja kwa ncha ya mguu, polepole, kama mtu anayejaribu kumwamsha mbwa aliyekufa.